Sanduku Moja

Kile kipande cha plasta mkononi mwa Salha kilimkera Raya kuliko hina zote alizowahi kujipaka huyo mke mwenziwe. Homa ilipoingia mjini, virusi vyake viliwaingia wote wawili. Raya akalazwa, nusura afe. Salha hata kukohoa hakukohoa. Sasa wataalamu waliifuata damu ya Salha kila wiki, na mume wao haishi kumbembeleza: "Salha wangu, ndoo iache. Damu yako hiyo ni dawa."

Raya akajitanda kanga, mguu mosi mguu pili mpaka zahanati, akamnyooshea nesi mkono. "Na yangu ni nini? Maji ya mchele?"

Nesi akacheka. "Dada, mbona na wewe tulikuwa tukikutafuta! Damu ya aliyeugua na ya asiyeugua tunaziweka pamoja, wataalamu wa kila nchi wazilinganishe. Bila ya yako, ya Salha haina la kusema."

Siku hiyo Raya aliiona sindano tamu. Nesi akampa kichupa chake akishike, akafungua jokofu. Mvuke wa baridi ukafuka. Ndani ya sanduku kichupa kimoja kilikuwa kimeshatangulia, na ubavuni pake tundu tupu.

"Hicho cha Salha?"

"Ndicho. Mtakaa pamoja humo miaka na miaka."

Nesi akanyoosha mkono apokee. Raya akakifumbata kichupa kiganjani asikiachie, kingali kina joto la mwili wake.