Viti vya Kwenda Marekani

Nazmiye alivuta kamba nyekundu iliyoning'inia juu ya cherehani yake, na mstari mzima wa viti ukasimama.

Katika kiwanda kile cha viti vya magari mjini Bursa, Uturuki, kila mfanyakazi alikuwa na haki ya kuvuta kamba akiona kasoro. Lakini hakuna aliyethubutu siku ambayo meli ilikuwa inasubiri.

Msimamizi wao, Sabahattin, alikuja mbio, bilauri ya chai bado mkononi.

"Dada Nazmiye, umeona nini tena? Jini?"

"Uzi, bosi. Vuta mwenyewe."

Sabahattin aliuvuta mkanda wa usalama wa kiti cha nyuma. Mshono ukafumuka kama wa soksi kuukuu.

"Vyote vya tangu asubuhi vishonwe upya," Nazmiye alisema.

Sabahattin alishusha sauti. "Hivi ni vya Marekani, dada yangu. Umewahi kusikia wakilalamika?"

"Kwa sababu nashona vizuri."

Sabahattin alitaka kucheka, akaacha.

Habari ya Marekani kila mtu pale aliijua. Ili kulinda viwanda vyao, Wamarekani walitoza ushuru mkubwa kwa kigari cha mizigo kitokacho nje, na mdogo sana kwa cha abiria. Ndiyo maana vigari vya kwenda huko vilifungwa viti vya nyuma. Nazmiye aliishukuru sheria hiyo. Ilimpa kazi mwaka ule ule mapafu ya mumewe, Rifki, yalipoharibika, na sasa mshahara wake ndio uliokuwa mkate, kodi na dawa.

"Achia kamba," Sabahattin alimsihi. "Mkurugenzi anatutazama. Atakufukuza, na mimi sina ubavu wa kukutetea."

"Mtoto atakaa hapa, bosi. Gari likifunga breki ghafla, atapita kwenye kioo."

"Mkate unilaani kama nakudanganya: huko viendako, hakuna mtoto atakayeumia."

"Wewe una watoto?"

"Watatu."

"Basi usiape hivyo."

Hakuiachia kamba mpaka Sabahattin alipokubali. Viti vilifumuliwa, vikashonwa upya kwa uzi mzuri, na yeye mwenyewe akaujaribu kila mshono kwa mikono miwili. Meli iliondoka imechelewa. Jioni, mlinzi alimkabidhi vitu vyake getini, ndani ya mfuko wa plastiki.

Rifki hakumlaumu. Alikohoa kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Dawa tutapataje?"

"Sijui, mume wangu. Ila kuna mama huko atamfunga mwanawe mkanda, na mkanda hautakatika."

Rifki aliimeza nusu ya kidonge, nusu nyingine akairudisha kwenye kikopo.

Meli ilipofika Marekani, maofisa wa forodha walichungulia ndani ya vigari, wakaviona viti, wakatoza ushuru wa abiria. Vigari vikaendeshwa hadi banda la jirani. Humo wanaume wawili waling'oa viti vyote vya nyuma, wakavitupa kwenye mashine ya kusaga, wakatandika mabati palipokuwa na viti, na vigari vikatoka kwenda kubeba mabomba na rangi.

Mara moja tu mashine ilikwama.

"Mikanda ya shehena hii wameishona kwa uzi gani?" mmoja wao alifoka, akivuta mkanda kwa nguvu zake zote. "Haikatiki!"