Uzito wa Kiti cha Kushoto

Shikanga alikuwa amelala kifudifudi kwenye vumbi la gereji yake pale Kakamega, jicho moja likifuata kamba aliyoivuta kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele. Kamba ilisema yale yale. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa limekaa vibaya, na tairi lake limelika upande wa ndani mpaka nyuzi zinaonekana.

"Na juzijuzi nililinyoosha mimi mwenyewe," alimwambia Protus, fundi mwenzake. "Huyu Cornelius ananichezea."

Lilikuwa gari la michezo, jekundu, la viti viwili, lisilo na vioo milangoni, la tangu enzi za wakoloni. Cornelius alilinunua kwa mlowezi mmoja wa mwisho mwisho, miaka ile miwa ilipopandwa hadi nyuma ya vyoo, na mwenye matrekta ya kuibeba akawa mfalme mdogo. Halikuwa hata na kitasa nje. Siku ya kwanza Protus alilizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, mpaka Cornelius akacheka, akaingiza mkono ndani ya mlango, nyuma ya mfuko wa ngozi, akavuta kijikamba kilichofichwa huko.

"Hii usipoonyeshwa, huwezi kuijua," alisema kwa majivuno.

Gari la mtu mwingine Shikanga angelirudisha likiwa vivyo hivyo, shauri yake. Lakini Jumamosi gari hili ndilo lingempeleka bintiye, Navalayo, kanisani. Cornelius alijitolea mwenyewe kumwendesha bibi harusi. Wakwe walikuwa wakulima wa mahindi wa Lumakanda, walokole wasio na mchezo, na ng'ombe wao walikuwa tayari wanakula nyasi nyuma ya nyumba ya Shikanga. Watu wale wangesikia uvumi mmoja tu mbaya juu ya msichana, wangekuja kuwaswaga ng'ombe wao warudi nao kwao. Mambo yote yalikuwa yamekwenda vizuri, na sasa gari hili. Usingizi ulimpaa Shikanga. Alikuwa akiliona likivuta kushoto na kumtupa mtoto wake chini ya trela la miwa.

"Gari dogo hivi, mtu akikaa ndani linashuka," alimwambia Protus, "na likishuka, magurudumu yanabadilisha msimamo. Ndiyo maana tunapimanga watu wakiwa wamekaa. Cornelius aliniapia, 'Mimi naendeshanga peke yangu.' Nikapima na dereva peke yake. Sasa angalia tairi. Kuna mtu anakaanga hapa kushoto, na si mara moja."

Protus alicheka puani. "Si mkewe. Mama Mildred haingii kiti hicho hata umsukume. Watu wanasemanga kuna msichana. Lisemwalo lipo."

"Na huyo msichana hana baba?" Shikanga alitema mate. "Ingekuwa mimi, ningejifukia. Mtoto anabebwa na mume wa watu, na mzazi yuko tu, anakula obusuma, anashiba, analala!"

Navalayo alikuwa ameleta chai. Aliweka birika juu ya pipa la mafuta, taratibu. Aliwamiminia wote wawili, kisha akabaki amesimama pale.

"Baba, si niende tu na gari la mchungaji?"

"Unaogopa nini? Nikimaliza, halitavuta hata kidogo."

"Silipendi."

Shikanga alimhurumia. Mtoto alizoea kwenda kwa miguu na baiskeli. Gari la chini namna ile lazima litamtisha. Alimpenda sana binti huyu, na hilo halikuwa siri kwa mtu yeyote sokoni. Akaapa moyoni kwamba gari lile litakwenda sawa kama reli.

"Basi tufanye hivi, mama," alisema kwa upole. "Jumamosi ni wewe utakaa kushoto. Njoo ukae sasa, nipime na uzito wako mwenyewe. Nitanyoosha kwa ajili yako."

Protus, ambaye kwa tumbo alilingana na Cornelius, alijipenyeza kwenye kiti cha dereva, akakamata usukani kama tajiri. Navalayo alijifuta mikono kwa leso, akaendelea kuifuta hata ilipokwisha kukauka.

"Njoo basi, mwanangu, jua linazama."

Shikanga alilala tena kifudifudi, akaweka jicho kwenye kamba. Aliona viatu vya bintiye vikija, vikasimama kando ya mlango wa kushoto. Hapo ndipo alipokumbuka, akainua kichwa amwambie angoje, aje amwonyeshe unavyofunguliwa.

Navalayo alikuwa akitazama barabarani, mawazo yake mbali. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuingia ndani, nyuma ya mfuko wa ngozi, na mlango ukafunguka.