Majani Mawili Yenye Jina Moja

Walikuwapo wanyama wa nyika moja waliojenga tovuti yenye programu nyingi. Kanga, mwenye kujiona, alitengeneza programu ya dawa. Nungunungu, mwenye hadhari, alitengeneza ya kuonya juu ya sumu. Kila mmoja aliweka kwenye folda yake picha aliyoiita "jani".

Mchwa, mkusanyaji wa picha zote, akasema, "Dada Kanga, ndani ya folda yako tengeneza nyingine yenye jina lako, picha uiweke humo, isije ikachanganyika na nyingine yenye jina hilohilo."

"Folda ndani ya folda?" Kanga akacheka. "Jani langu nalijua!"

Basi Mchwa akakusanya picha zote katika ghala moja, tovuti ikafunguliwa. Siku hiyohiyo kifaranga wa Kanga akashikwa na tumbo. Kanga akafungua ukurasa wake mwenyewe, akachuma porini jani kama lile aliloliona pale, bila kulikagua, akamsogezea mwanawe mdomoni.

"Shoga, acha!" Nungunungu akapiga ukelele. "Hilo ni jani langu la sumu!"

Kanga akalitupa jani lile. Kwa kuwa majina yalifanana, picha ya Nungunungu, iliyotangulia ghalani, ndiyo iliyoonekana kila mahali.

Akamwendea Mchwa, akakubali shauri lake, na Nungunungu naye akafanya vivyo hivyo. Mchwa akakusanya upya. Picha maelfu kwa maelfu, za nyuki, za fisi, za kila kiumbe, zikapita mbele ya Kanga kama kumbikumbi baada ya mvua, na kila moja ikatua penye jina la mwenyewe. Hakuna iliyoifunika nyingine.

Kanga akaduwaa. Kisha akamwinamia Mchwa mpaka mdomo ukagusa vumbi, akaenda kumtafutia mwanawe jani la kweli.