Tulia, Baba

Shamte aliisimamisha kamera kando ya kitanda cha baba yake mgonjwa. Ingepiga yenyewe picha mfululizo, ya kwanza ikilenga ncha ya pua, ya mwisho sikio, kisha angeziunganisha ziwe moja, uso wote uonekane wazi.

"Tulia, baba. Usitikisike."

Mzee alicheka, akakohoa. "Nikitulia zaidi ya hapa, mwanangu, agiza sanda."

Kamera ililia ta, ta, ta, ikanyamaza. Shamte akazikagua picha. Za mwanzo ziliharibika, kidevu kikipanda na kushuka kwa pumzi. Za mwisho zilitulia tuli, hakuna kilichosogea.

Mama aliingia na bakuli la uji. "Zimetoka vizuri?"

Kidole cha Shamte kilizirudisha picha nyuma, moja moja, hadi kwenye zile zilizoharibika.