Genge la Kutu

Fisi aligoma kugeuka lori. Mkia ulikuwa umenasa kwenye gurudumu la nyuma, na mshonaji alipojaribu kuuchomoa kwa ncha ya mkasi alipigwa kofi mkononi.

"Usiguse! Wana mwenyewe hao!"

"Haya baba, nimeacha." Aliurudisha mkasi mezani, kando ya cherehani. "Basi nipe mguu tuvae soksi."

Mguu haukuja. Mwenye mguu alikuwa vitani.

Genge la Kutu lilikuwa limepangwa mkekani, maroboti matano yaliyobanduka rangi: Fisi anayegeuka lori la takataka, Nge anayegeuka winchi, Popo wa helikopta, Mamba wa treni, na Kobe anayegeuka kifaru, kile cha mizinga, si yule wa pembe. Wakiungana wanakuwa jitu moja lenye kiburi cha watu mia. Kwenye vijitabu vyao vya katuni huanza kuuteketeza mji ukurasa wa pili, na ukurasa wa mwisho hupigwa wakatawanyika. Hawajawahi kushinda hata siku moja, maskini, na hawajawahi kukoma.

Begi lilikuwa tayari mlangoni. Kila nguo ilishonewa jina kwenye ukosi, maana kule kwenye kituo cha malezi nguo hufuliwa pamoja. Kazi hiyo ilimla mshonaji jana kutwa, na si kwamba jina ni refu. Alikuwa akishona, anafumua, anashona tena.

Hakuwa anamtupa. Alijiambia hivyo tangu asubuhi, na bado neno lenyewe lilikuwa linamrudia. Lakini angefanyaje? Mara mbili gesi ilifunguliwa jikoni bila kuwashwa moto. Juzi tu, mshonaji akiwa anampima mteja kiuno, mwenzake huyu alijitokea getini pekupeku, akaja kupatikana katikati ya barabara kuu, mkono juu, anasimamisha malori ayakague kama yana mkia.

"Umejitahidi, mke wangu," mumewe alimwambia usiku huo. "Hata chuma huchoka."

Wahenga nao wanadai kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Wahenga hao hawakuwahi kulala katika nyumba hii.

Alichotaka sasa kilikuwa kitu kimoja tu: waagane vizuri. Asiondoke amenuna. Amtazame usoni, amwambie kwaheri kama watu wanaopendana. Hilo lingemtosha kuishi nalo.

"Baba, gari liko njiani. Kule wanaruhusu kitu kimoja tu cha kuchezea. Unakwenda na nani?"

"Hawatenganishwi."

"Mmoja tu, baba."

"Mama, kwani wewe hujasoma? Wakitenganishwa wanakufa kwa kutu."

Alikuwa amesoma, tena mara zisizo na idadi. Alichukua kijitabu cha juu, ambacho mgongo wake aliushona mwenyewe kwa uzi wa suruali, akakaa mkekani na kusoma maneno ya Popo kwa sauti nzito: "Tetemekeni, enyi binadamu!"

"Aa! Popo hasemi hivyo. Popo anaongea kwa pua."

Kisha akaitoa sauti yenyewe, nyembamba, ya kukwaruza, huku mabega yamepandishwa mpaka masikioni. Mshonaji akacheka mpaka machozi yakamtoka, na kicheko kilipokwisha machozi hayakupata habari.

"Mama, unalia?"

"Silii. Mafua tu."

Akafutwa pua kwa mkono wa shati jipya, lile la safari. Ndipo miguu ikaletwa, wa kulia kisha wa kushoto, na soksi zikavaliwa bila ugomvi.

Honi ikalia nje. Mhudumu wa kituo aliingia, mwanamume mnene wa maneno ya taratibu. Alitazama mkekani, akatazama yale macho mekundu ya mshonaji.

"Mwache aje nao wote, dada," alinong'ona. "Kule nitajua la kusema."

Mshonaji alishika mfuko wa kitambaa ukiwa wazi, na maroboti yakatumbukizwa humo moja moja, Kobe wa mwisho. Mfuko haukuruhusiwa kubebwa na mtu mwingine. Ulikumbatiwa kifuani kutoka sebuleni, kupita ukumbini, hadi getini.

Mlango wa gari ulipofunguliwa, safari ikasimama. Mfuko ukatolewa kifuani, ukawekwa mikononi mwa mshonaji.

"Huendi nao, baba? Wamekukubalia wote."

Kichwa kikatikiswa. Kwamba hapana.

Ameshaelewa anapelekwa wapi, mshonaji akawaza. Amesusa. Hata hivi vitu anavyovilalia ananirudishia, ili nijue nimemfanyia nini. Alitaka kusema samahani, alitaka kusema begi lirudishwe ndani.

Mhudumu aliona watu wanaanza kuvunjika mbele yake, akaamua kuwasaidia.

"Haya mzee wangu," alisema, akimshika kiwiko, "muage binti yako twende."

Mzee aliitazama barabara, huku na huku, kwa muda mrefu.

"Binti yangu hajarudi kutoka shule," alisema. "Mama, akifika mpe Genge lake, mwambie nimemtunzia wote watano."