Kiganja Kwenye Mpira

Haki ya Mungu, hili ni kweli tupu, sijaongeza hata chumvi.

Wakulima wa mpira wa mji mmoja walipata mnunuzi wa bei nzuri, tena bila dalali. Sharti lake lilikuwa tani nzima, la sivyo lori lake linarudi tupu. Siku ya kupima, tani ikapungua kilo moja.

Mwenyekiti wao akamgeukia Nambeye, mjane wa kaka yake. "Shemeji, kile kipande cha nyumbani."

Huko kila mkulima hugandamiza kiganja kwenye utomvu unapoganda, ili vipande visichanganyike bandani. Kile kilikuwa cha mwisho cha marehemu. Kiganja chake, kipana kama ungo, kilionekana mpaka mikunjo.

"Si mchukue hata mlango wangu, shemeji?"

"Mlango si mpira."

Nambeye akakileta amekikumbatia. Akaulaza mkono wake ndani ya ule mkono, kisha akakiweka mzanini. Tani ikatimia. Watu wakashangilia.

Basi dereva akaingiwa na huruma, akamrudishia Nambeye kipande chake...

"Ngoja, Mzee Ligongo," akadakia Siwatu, muuza kahawa wetu. "Akimrudishia, tani si inapungua tena? Umetudanganya. Leo kahawa ya baraza zima ni juu yako."

Nikalipa. Kweli lori liliondoka nacho. Nambeye alibaki kando ya mzani, mkono ameutandaza hewani, vidole vimeachana, na hakuna aliyethubutu kumwambia aushushe.