Uso wa Mama Watoto

Mhakiki wa gazeti alikuwa hoi. Miaka yote ile ya kuandika maoni juu ya tamthilia na vichekesho ilikuwa imemkausha. Kicheko hakikumjia tena, na machozi ndiyo kabisa.

Basi akajitafutia njia. Aliacha kutazama runinga, akawa anamtazama mkewe. Mkewe akicheka, yeye huandika kwamba kipindi kinavunja mbavu. Akipiga miayo, kesho yake mtunzi ataipata gazetini. Wasomaji walimsifu kwa jicho lake kali.

Jioni hiyo ilikuwa sehemu ya mwisho ya tamthilia ambayo magazeti yote yalikuwa yanaipamba. Aliketi kwenye kochi, kompyuta mapajani, akamgeukia mkewe kama kawaida.

Mkewe alikuwa analia. Chozi lilishuka taratibu kando ya pua, likatua juu ya mdomo, wala hakulifuta. Likafuata la pili.

Vidole vya mhakiki vikashika kazi. "Safari hii sifa si kilemba cha ukoka," akaandika. "Tamthilia hii inamliza mtu kimyakimya."

Akainua macho amtafute mwigizaji wa kumtaja. Kwenye runinga, mwanamke mmoja alikuwa anaanika mashuka meupe huku akitabasamu. Lilikuwa tangazo la sabuni. Tamthilia ilikuwa bado haijaanza.

Vidole vikasimama.

"Mama watoto," akaita.

Mkewe hakugeuka.

"Hebu nisomee ulichoandika," akasema. "Umesema nalilia nini?"